Nyumba Yenye Mgongo

Kwanza nilichora kioo.
Ukuta mzima wa kioo, toka sakafuni hadi darini,
ili Mengia akiamka aukute mlima umeketi kitandani mwake.
Ndivyo alivyotaka. Miaka thelathini na mmoja
alishona vitambaa vya viti vya treni huko Zurich,
dirisha lake likitazama ukuta wa jirani,
na ukuta wa jirani haukuwahi kumtazama.

Nikapanda, ramani kwapani.
Aprili: theluji imebaki vipande vipande
kama chokaa viganjani mwa mpaka rangi.
Gieri, mwenye zizi la chini, alikuwa anakaza ua.
Akaifunua karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena,
kisha akauliza:
"Uso wa nyumba uko wapi?"
Nikamwonyesha kioo.
"Na mgongo?"
Sikuwa nimechora mgongo.

Hakunihubiria. Alichukua jembe
akanipeleka penye majani ya kijani kisicho cha wenzake,
akachimba shubiri mbili.
Kikatoka kijiko. Bawaba. Kigae cha jiko,
ua la buluu bado limechanua juu yake.
"Hapa ndipo walipokuwa wakila,"
akarudisha udongo taratibu
kama mtu anayemfunika mtoto shuka.
Walikuwa wangapi, sikuuliza.
Kijiko kilikuwa kidogo.

Usiku ule nilifuta.
Kifutio kiliisha kabla ya makosa.

Nyumba ya pili niliianzia nyuma:
kabari ya mawe, kali kama shoka lililosahauliwa kwenye gogo,
imeelekezwa juu, kule poromoko linakotokea,
ili likija lipasuke, nusu huku, nusu kule,
lishike safari yake bila kupiga hodi.
Mlima hauna ugomvi nasi. Una njia yake tu,
na sisi ndio tuliotandika mkeka njiani.

Paa: mawe bapa, mazito, mwinamo wa wastani,
theluji isiteleze yote kwa pupa,
ya Januari ibaki juu iwe blanketi.
Kuta: unene wa mkono mzima, na kiganja cha nyongeza.
Mbao za msonobari ule unaopukutisha sindano zake kila Oktoba;
huo hauogopi mvua, na jua huupaka weusi
kama mkate uliokawia kidogo motoni ukazidi utamu.
Mlango, bondeni. Kwa watu.

Mengia aliisoma akiwa amesimama.
Kidole kikatembea chumba hadi chumba,
kikafika kwenye kabari, kikagoma.
"Umenifungia mlima."
"Ndiyo."
"Nimerudi kwa ajili yake."
Nikamtajia tani, kasi, mita za ujazo,
nikajisikia karani wa benki anayekataa mkopo.
Habari za kijiko sikumpa.
Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.
"Bibi yangu alikuwa na dirisha la kuchungulia ng'ombe.
Dogo. Kama mkate."

Hilo niliweza.
Upande wa magharibi, kando ya njia ya theluji,
nilitoboa ule unene kwa mshazari:
nje tundu, ndani limepanuka kama mdomo wa tarumbeta,
mwanga uingie mchanga, ukulie ndani.
Nikalipima kwa kimo cha macho yake
akiwa ameketi, kikombe mkononi.

Juzi nilipita. Kuta zimefika kifuani.
Fundi mmoja alikuwa amekaa pale meza itakapokuwa,
anakata jibini kwa kisu cha mfukoni.
Nikapiga goti, nikachungulia kwenye fremu.
Mlima haukuwemo wote.
Bega tu, na shingo kidogo,
kama mtu anayepita zake nje
bila kujua anatazamwa.